Uzi: Je, baridi ndiyo inayomvisha samaki deraya?

#1 Mpiga Makasia

Habari za jioni wakuu.

Mwezi uliopita binti yangu (tunaishi Seattle huku Marekani) alirudi na kazi ya shule: picha kumi za samaki mdogo, ahesabu vipande vya mfupa vilivyojipanga ubavuni. Nikajua ni kazi ya dakika tano. Tulikesha. Samaki wa kwanza alikuwa na vipande 33, wa pili 7, wa tatu 20 na ushee. Spishi moja, na wote wametoka Ziwa Washington, hili hili ambalo navuka daraja lake kila alfajiri na lori. Mimi nilisoma uvuvi Mbegani zamani hizo nikaishia kwenye usukani, lakini hesabu ile ya mtoto imenirudisha kwenye kusoma kuliko mtihani wowote niliowahi kuukalia.

Samaki mwenyewe kitaalamu ni Gasterosteus aculeatus. Kwetu hayupo, ndiyo maana hana jina la Kiswahili. Nitamwita Miiba Mitatu, kwa sababu mgongoni ana miiba mitatu inayosimama akitishwa, na tumboni anayo miwili zaidi. Ni wa sentimita 5 hadi 8, kidole tu. Yupo pwani, mitoni na maziwani kaskazini yote ya dunia: Alaska, Kanada, Japani, Norwe, Uskoti, Baltiki. Hana magamba. Ubavuni ana vigae vya mfupa, kimoja kimelalia kingine kama paa la nyumba ya mwenye nazo. Anayeishi baharini anavyo 30 na kitu kila upande, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Hiyo ndiyo deraya ninayoizungumzia. Wa maji baridi mara nyingi amebaki na vichache vya mbele, pengine 5, pengine 7, na huko nyuma ni ngozi tupu.

Barafu kuu ilipoyeyuka, kama miaka 10,000 iliyopita, mito na maziwa mapya yalifunguka kaskazini. Miiba Mitatu akaingia kutoka baharini, ziwa hili na lile, kila kundi kivyake. Na karibu kila alikoingia, vizazi vilivyofuata vilipungukiwa na vigae.

Nimesema karibu. Hapo ndipo uzi unapoanzia.

Mwaka 1982 watafiti Hagen na Moodie waliitazama ramani nzima ya samaki huyu wakaona jambo. Pwani ya mashariki ya Kanada, ambako majira ya baridi hayana huruma, wengi wao hata wakiwa ziwani wanabaki na deraya kamili. Pwani ya magharibi, ambako bahari inapunguza makali, wamevua. Ulaya vivyo hivyo: Uingereza na Ufaransa wamevua, ukielekea mashariki, Poland na Baltiki, wamevaa. Wakapendekeza kwamba tabianchi ndiyo inayoamua, hasa ukali wa baridi. Mwaka 2020 ikatoka kazi nyingine ikaona vitu vitatu vinakwenda pamoja na deraya: ukubwa wa mwili, halijoto ya chini kabisa ya majira ya baridi, na asidi ya maji. Kwa hiyo si hadithi ya kale iliyokufa.

Sababu ninayoiona mimi: samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakikaribia nyuzi 0 misuli yake inakuwa mizito na mbio zinaisha. Lakini bata anayepiga mbizi, fisi-maji na sili wamebeba joto ndani ya miili yao, wao hawapoi. Asiyeweza kukimbia bora avae.

Nimeipenda nadharia hii wiki nzima, sasa nimeanza kuitilia shaka. Karibuni tuitwange.

#2 Kidagaa

Analiwa?

#3 Ngosha wa Ziwa

Mkuu hapo kwenye miiba umenikumbusha gogogo wa kwetu Mwanza. Ukimtoa kwenye wavu kwa pupa, miiba yake ya ubavuni imeshasimama na imejifunga, hailali hata uibonyeze vipi. Kichwani ana fupa gumu kama kofia ya chuma. Nina kovu la 2009 kiganjani. Huyo wako miiba yake inajifunga pia au inasimama tu ya kutishia?

#4 Mpiga Makasia

Inajifunga, Ngosha. Na umegusa jambo ambalo nililisahau. Vile vigae vichache vya mbele, ambavyo hata samaki aliyevua anabaki navyo, viko pale pale chini ya miiba, vinaishika miiba isiyumbe. Ni nguzo. Samaki mkubwa akimuuma, miiba imesimama mgongoni na tumboni, mdomo haufungi, anamtema. Vigae vya nyuma ndivyo vinavyochubuliwa na meno wakati wa kutemwa. Kwa hiyo vya nyuma ni vya kunusuru aliyekwisha kukamatwa, vya mbele ni vya kumfanya asimezeke tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema tusiongee deraya kama shati moja, unavaa au unavua. Kuna sehemu zinazoachwa kwa urahisi na kuna sehemu zinazoshikiliwa.

@Kidagaa subiri.

#5 Mama Shule

Mwalimu wa zamani hapa. Nimesoma mara mbili na bado nimechanganyikiwa. Umesema wa "maji baridi" amevua deraya. Halafu unasema "baridi" inamvisha deraya. Sasa baridi inavisha au inavua? Wanafunzi wangu wangekuzomea.

#6 Mpiga Makasia

Hahaha, shikamoo mwalimu. Kosa ni la lugha yetu na mimi pamoja. Kwetu maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa yanachemka. Kuanzia sasa nitasema maji matamu kwa yasiyo na chumvi, na baridi itakuwa baridi ya jokofu.

Basi ni hivi: kuingia kwenye maji matamu kunavua. Baridi kali, kwa nadharia hii, inazuia kuvua.

#7 Mama Shule

Marahaba. Hapo sawa. Endelea.

#8 BintiShela

Swali la mjinga: samaki akikulia kwenye maji ya baridi anaota vigae vingi, na ndugu yake wa tumbo moja akikulia kwenye maji ya vuguvugu anaota vichache? Au ni suala la kurithi? Naona ni vitu viwili tofauti kabisa, na uzi unaviongea kama kimoja.

#9 Mpiga Makasia

Si swali la mjinga hata kidogo, ndilo swali lenyewe. Idadi ya vigae ni ya kurithi kwa sehemu kubwa. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililohusisha maabara ya David Kingsley pale Stanford lilionyesha kwamba jeni moja, Eda, ndiyo yenye mkono mkubwa zaidi. Ina nakala mbili mashuhuri, tuziite ya deraya kamili na ya deraya pungufu. Ile pungufu ni ya zamani sana, umri wake unakisiwa kufika miaka milioni 2, na inaishi kwa siri ndani ya samaki wachache wa baharini ambao ukiwatazama wamevaa deraya kamili kama wenzao. Wakiingia ziwani, ile ya siri inaibuka. Ndiyo maana maziwa yaliyo mbali kabisa yamefika mahali pamoja: yamechota kwenye mtungi mmoja.

Kwa hiyo halijoto haimvui samaki mmoja mmoja. Ikiwa ina kazi, kazi yake ni kuamua ni nani kati yao atafika kuzaa.

#10 BintiShela

Nilisoma haraka nikaona "jini moja yenye mkono mkubwa" nikafunga simu kwanza 😂

#11 Hakimu wa Kijiwe

Mimi nina pingamizi. OP (mwenye uzi) anatuambia baridi inahifadhi deraya. Alaska si baridi? Nilikuwa Anchorage miezi minane nikifanya kazi kiwanda cha samaki, nikiri nimeona baridi iliyonifanya nimkumbuke hadi shangazi nisiyeelewana naye. Huko maziwa yanaganda unaendesha gari juu yake. Kama nadharia ni kweli, Miiba Mitatu wa Alaska wangekuwa wote wamevaa kama askari wa kutuliza ghasia. Je, ndivyo?

#12 Mpiga Makasia

Sivyo, Hakimu. Na hapo ndipo usingizi ulipokatika.

Maziwa ya upande wa Ghuba ya Cook, jirani kabisa na huko Anchorage ulikokuwa, yamejaa samaki wenye deraya pungufu. Tena kuna ziwa moja, Loberg, ambalo kisa chake ni kama jaribio lililopangwa ingawa halikupangwa. Mwaka 1982 lilitiwa sumu kuua samaki wote ili wapandikizwe samaki wa wavuvi wa burudani. Miaka michache baadaye Miiba Mitatu wa baharini wakapenya wenyewe. Mtafiti Michael Bell alipochukua sampuli mwaka 1990, 96 kati ya kila 100 walikuwa na deraya kamili. Akarudi kila mwaka. Mwaka 2001 waliobaki na deraya kamili walikuwa 11 kati ya 100, na wenye deraya pungufu 75. Miaka kumi na moja! Samaki anayezaa akiwa na mwaka mmoja au miwili. Na hayo yote chini ya barafu ya Alaska.

Sasa niambie: kama baridi inashikilia deraya, mbona haikuishikilia Loberg?

#13 Hakimu wa Kijiwe

Kesi imefungwa basi. Mshtakiwa Baridi aachiwe huru.

#14 Mpiga Makasia

Usigonge nyundo bado. Ramani ya Ulaya haijafutika kwa sababu ya Alaska.

#15 Msafiri Konstanz

Nipo kusini mwa Ujerumani, nimeona nichangie. Ziwa Constance hapa lina hao samaki, na hawakuwepo tangu enzi. Waliletwa na watu, kama miaka 150 hivi. Wa ndani ya ziwa wana deraya kamili, wa kwenye vijito vinavyoingia wengi wamevua. Hatua chache tu kati yao, majira yale yale, theluji ile ile. Na wa ziwani asili yake inafuatwa hadi upande wa Baltiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza halijoto, uliza kwanza babu yao alitoka wapi. Mtu anayevaa kanzu Ulaya hajaivaa kwa sababu ya hali ya hewa.

Kuanzia 2012 hivi wameongezeka mno, wanaingia katikati ya ziwa na kula mayai na vitoto vya samaki wanaotegemewa na wavuvi. Wavuvi wa hapa hawataki hata kulisikia jina lake.

#16 Mpiga Makasia

Mkuu hiyo ya kanzu nimeiweka akiba. Na ni hoja nzito: Baltiki na mashariki huenda wamevaa kwa sababu ya ukoo, au kwa sababu nakala pungufu haikupata nafasi ya kutosha huko, si lazima kipimajoto. Ila nauliza, kijito na ziwa vinatofautiana pia kwa halijoto, si ndiyo? Kijito chembamba kinapata joto haraka kiangazi. Na ziwani kuna ndege na samaki wala wenzao na hakuna pa kuwakwepa, lakini kijitoni kuna majani ya kujifichia. Kila ukivuta uzi mmoja, mingine mitatu inakuja nayo.

#17 Mfamasia wa Tandika

Mnaacha kitu kilicho wazi. Kigae ni mfupa, na mfupa ni kalsiamu na fosfeti. Maji ya bahari yana kalsiamu karibu miligramu 400 kwa lita. Maziwa mengi ya kaskazini yaliyo juu ya mwamba mgumu yana chache sana. Kujenga vigae 60 na zaidi (pande zote mbili) bila malighafi ni gharama. Tazama kisiwa cha North Uist, Uskoti. Upande mmoja maziwa yana maji meusi ya mboji, yenye asidi, kalsiamu hakuna. Huko Miiba Mitatu ni wadogo mno, na kuna waliopoteza hata ile miiba. Upande wa pili wa kisiwa kuna mchanga wa makombe, maji yana chokaa, na samaki wana deraya yao nzuri. Kisiwa kimoja, halijoto moja.

Kwa hiyo mnapoona asidi kwenye ile kazi ya 2020, mimi ningeanzia hapo, sio kwenye baridi.

#18 Ngosha wa Ziwa

Halafu mtu anaitwa Miiba Mitatu hana mwiba hata mmoja. Dunia hii.

#19 Mpiga Makasia

Mfamasia, umesema vyema, na kwenye miiba kuna sababu nyingine inayotajwa sana: buu la kerengende. Linakaa chini kwenye matope na kumdaka kitoto cha samaki kwa kumshika. Mwiba unaomzuia trauti (samaki mkubwa anayekula wenzake) kumeza ndio huo huo unaokuwa mshikio wa buu. Samaki laini anateleza.

Na sasa niwaambie la ziwa langu, maana ndilo lililoleta uzi. Miaka ya 1950 na 1960 Ziwa Washington lilikuwa linapokea maji machafu ya miji. Mwani ukajaa, ukizamisha kisahani cheupe majini hukioni hata mita moja. Watu wakapiga kura, mabomba yakaelekezwa kwingine, kazi ikakamilika 1968. Maji yakasafika hadi unaona mita saba chini. Watafiti Jun Kitano na Catherine Peichel wakalinganisha samaki waliohifadhiwa wa zamani na wa sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wenye deraya kamili walikuwa 6 kati ya 100. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa 49, na wengine 35 wako katikati. Samaki wa ziwani walikuwa wanairudia deraya! Maelezo yao: maji yalipokuwa matope trauti hakuwa anaona, yalipong'aa, aliyevua aliliwa.

Ndiyo maana picha za binti yangu zilikuwa na 33, 7 na 20 na ushee kwa pamoja. Ziwa lipo katikati ya kubadilika. Mwalimu wake hakumwambia, nimemwambia mimi. Akasema "kwa hiyo wale wa 20 hawajaamua?" Nikacheka peke yangu hadi kwenye lori.

#20 Ukweli Mchungu

Bado ni samaki. Alikuwa samaki, amebaki samaki. Akitoka kuwa kuku niiteni.

#21 Mpiga Makasia

Sawa mkuu, hakuna aliyesema amekuwa kuku. Uzi unahusu vigae.

#22 Dada wa Kalemie

Habarini kutoka Kongo. Mimi nauliza kwa upande wetu. Ziwa Tanganyika lina samaki aina ya Polypterus, mrefu kama nyoka mnene, mgongoni ana vipezi vidogo vingi kama bendera. Magamba yake ni ya mfupa mgumu unaong'aa, yamepangwa kama mawe ya sakafu, kisu kinateleza. Maji yetu ni nyuzi 25 hivi mwaka mzima, hatujui barafu isipokuwa ya soda. Kama baridi ndiyo mama wa deraya, huyu amezaliwa na nani?

#23 Mpiga Makasia

Dada, huyo deraya yake ni ya ukoo wa kale mno, na hata bunju wa pwani na gogogo wa Ngosha wanatukumbusha kwamba bahari na maziwa ya joto yamejaa samaki wenye silaha. Kwa hiyo ukinisikia nasema "baridi inaleta deraya" kwa samaki wote, nipigeni mawe. Swali linahusu spishi moja yenye uwezo wa kwenda huku na huku, na kwa nini pengine inaenda huku.

Ngoja nimalizie la mabwawa, ndilo lililonigeuza mawazo.

Watafiti Barrett, Rogers na Schluter, huko British Columbia, Kanada, walichukua samaki 182 wa baharini, kila mmoja amebeba nakala zote mbili za Eda, wakawaweka kwenye mabwawa manne ya maji matamu. Wakafuatilia watoto wao kizazi kizima, ripoti ikatoka 2008. Walitegemea nakala pungufu ipande tu. Haikupanda tu. Watoto walipokuwa wadogo kabisa, kabla vigae havijaota, nakala pungufu ilishuka. Vigae vilipokwisha kuota, ikageuka ikaanza kupanda, inavyoonekana kwa sababu wenye nayo walikua haraka kuliko wenzao.

Someni tena hapo. Kabla vigae havijaota! Kitoto hakina deraya ya kuvaa wala ya kuvua, lakini tayari jeni ile, au majirani zake kwenye kromosomu, imeshamponza. Maana yake Eda haibebi vigae peke yake. Inajulikana pia kugusa mpangilio wa vijiungo vya hisia ubavuni, na namna samaki anavyojipanga kundini.

Sasa rudini kwenye baridi. Ikiwa baridi kali inachagua kitu kingine kilichomo kwenye furushi hilo, mathalani namna yai linavyostahimili au kasi ya kukua, basi vigae vitapanda au kushuka vikifuata mkumbo tu. Na si wazo jipya. Heuts wa Ubelgiji aliandika mwaka 1947 kwamba samaki wenye deraya kamili na wenye pungufu wanatofautiana katika kustahimili chumvi na halijoto zikichanganywa. Miaka zaidi ya sabini, na mimi niliyesoma uvuvi nimemjua mwezi huu.

Msimamo wangu kwa leo: baridi huenda haivioni kabisa vigae. Inaona kitu kingine, sisi tunaona vigae kwa sababu ndivyo vinavyohesabika kwa kidole.

#24 Hakimu wa Kijiwe

Hapo OP umeniacha kidogo. Kwa hiyo ile ya bata na sili na misuli mizito umeitupa?

#25 Mpiga Makasia

Nimeiweka kando. Ina ubovu mmoja nilioona nikiwa foleni: ziwa likifunikwa na barafu, bata anaingilia wapi? Miezi ya baridi kali zaidi ndiyo ile ambayo ndege hawawezi kukamata samaki. Bahari isiyoganda ni kesi nyingine. Na pia samaki huyu ana njia nyingine za kukabili baridi. Barrett huyo huyo na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba samaki wa asili ya bahari waliowekwa mabwawani, ndani ya vizazi vitatu tu, waliweza kustahimili maji yenye ubaridi wa nyuzi 2.5 zaidi ya mababu zao walivyoweza. Deraya ni deraya, baridi wanaimudu kwa namna nyingine.

#26 Nesi Zamu ya Usiku

Hiyo Eda ni ile ile ya binadamu? Wodini tuliwahi kumpata mtoto mwenye meno manne tu, yamechongoka, nywele chache sana, na hatoki jasho. Joto likipanda kidogo anaungua kama ana malaria, mama yake alikuwa anazunguka na kitambaa kibichi kila mahali. Daktari alituandikia jina refu lenye herufi EDA ndani yake.

#27 Mpiga Makasia

Ndiyo dada, ni jeni ya familia hiyo hiyo. Kwa binadamu inasaidia kujenga vitu vinavyoota kutoka kwenye ngozi: nywele, meno, tezi za jasho. Ikiharibika, mtoto hawezi kujipoza. Kwa samaki inajenga vigae. Nilipolisoma hilo nilifurahi kwamba nimekamata uhusiano na halijoto, halafu nikajionea aibu, samaki hatoki jasho. Ni sadfa tamu tu. Lakini huyo mama na kitambaa chake kibichi sitamsahau.

#28 Mama Shule

Na hii dunia inavyozidi joto, watavua wote?

#29 Mpiga Makasia

Mwalimu, pale California kuna milango ya mito ambayo ukame ukizidi, mchanga unaiziba, bahari haiingii, maji yanatulia kama ziwa. Watafiti walirudi huko wakalinganisha samaki wa sasa na waliokusanywa miaka ya 1970. Palipozoea kuzibwa ndipo penye wenye vigae vichache. Kwa hiyo joto linafanya kazi, ila limepitia mlango wa nyuma: limekausha mvua, kukosa mvua kumeacha mchanga ujikusanye, mchanga umefunga mto, na mto uliofungwa ndio umemvua samaki. Ukienda na kipimajoto peke yake utaona namba tu, mchanga hutauona.

#30 Kidagaa

Kurasa zote hizi. Analiwa?

#31 Mpiga Makasia

Haya Kidagaa, umesubiri kiungwana.

Kwa kawaida hakuna anayehangaika naye, ni mifupa na miiba. Lakini Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani, 1941 hadi 1944, watu walikufa kwa njaa kwa maelfu na maelfu. Samaki wakubwa hawakuvulika, Miiba Mitatu ndiye aliyebaki, na nyavu za kawaida anapenya. Wakamvua kwa magunia na kwa mashati. Walimchemsha supu, walimsaga wakatengeneza vitonge vya kukaanga, wakakamua na mafuta yake. Pale Kronstadt, mjini pembezoni mwa Baltiki, kuna mnara mdogo umejengwa ukutani juu ya maji kumshukuru. Samaki mwenyewe amechongwa, na miiba yake.

#32 Kidagaa

Hao wa Baltiki si ndio ulisema wamevaa deraya kamili?

#33 Mpiga Makasia

Ndio hao.

#34 Kidagaa

Walimsaga na vigae vyake?

#35 Mpiga Makasia

Na vigae vyake.